Bungee Jumping of Their Own (2001): Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu filamu ya Kikorea ya mapenzi na kuzaliwa upya

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila filamu hii inapopata watazamaji wapya. Sehemu mbili za kwanza ni salama kwa ambaye hajaitazama. Kuanzia sehemu ya tatu siri zinaanza kutoka, na sehemu ya nne na ya tano hazifichi kitu.

## Mambo ya msingi

Ni filamu gani hasa, na kwa Kikorea inaitwaje?

Ni filamu ya Korea Kusini iliyoingia kwenye kumbi za sinema Februari 2001. Jina lake la asili ni 번지점프를 하다, hutamkwa takriban "bonji jompurul hada". Maana yake ni "kuruka bungee", yaani kujirusha kutoka juu ukiwa umefungwa kamba ya mpira. Kikorea hakilazimishi mtendaji atajwe, kwa hiyo jina halisemi anayeruka ni nani. Jina la Kiingereza ndilo lililoongeza kwamba kuruka huko ni kwao wenyewe.

Mwongozaji ni Kim Dae-seung. Hii ndiyo filamu yake ya kwanza, baada ya kuwa msaidizi wa mwongozaji mkongwe Im Kwon-taek. Hadithi iliandikwa na Go Eun-nim. Usikae ukisubiri watu waanze kuruka: bungee yenyewe huioni mpaka mwishoni kabisa.

Inahusu nini, bila kunimalizia utamu?

Kiangazi cha mwaka 1983, mvua inanyesha. Seo In-woo, mwanafunzi wa fasihi ya Kikorea chuo kikuu, anatembea na mwavuli wake. Msichana asiyemjua anajichomeka chini ya mwavuli huo na kumwomba amfikishe kituo cha basi. Huyo ni In Tae-hee. Baada ya hapo In-woo anarudi kituoni siku baada ya siku na mwavuli mkononi, hata jua likiwaka. Wanakutana tena, wanapendana, kisha wanapotezana.

Halafu filamu inaruka miaka 17. Mwaka 2000 In-woo ni mwalimu wa lugha ya Kikorea sekondari, ana mke na mtoto, na maisha yake yametulia. Katika darasa jipya alilopewa kuna jambo linalomfanya ashtuke: anaanza kumwona Tae-hee mahali asipotarajia.

Waigizaji ni nani?

In-woo ni Lee Byung-hun. Kizazi cha sasa kinamfahamu kama Front Man wa Squid Game, yule kiongozi mwenye kinyago cheusi. Mwaka 2001 alikuwa ndio kwanza ametoka kwenye filamu ya Joint Security Area (2000). Tae-hee ni Lee Eun-ju, ambaye baadaye alionekana katika Taegukgi (2004). Alifariki Februari 2005 akiwa na miaka 24, na kwa Wakorea wengi ni vigumu kuitazama filamu hii bila kumkumbuka. Mwanafunzi Im Hyun-bin ameigizwa na Yeo Hyun-soo, na Hye-joo, msichana anayependana na Hyun-bin, ameigizwa na Hong Soo-hyun.

Lee Byung-hun alikuwa na umri wa miaka 30 hivi, Lee Eun-ju 20, na wanaigiza wanachuo wa rika moja. Ukitazama bila kujua, huioni tofauti hiyo.

Je, Hyun Bin wa tamthilia ya Crash Landing on You yumo?

Hayumo. Watu wanachanganywa na jina. "Hyun-bin" hapa ni mhusika, na mwigizaji ajulikanaye kwa jina la Hyun Bin alianza kazi baada ya filamu hii kutoka. Ukikuta video yenye picha yake na jina la filamu hii, aliyeipandisha amekosea.

Majina yanatamkwaje?

In-woo ni "Inu". Tae-hee ni "Te-hi", na hiyo T hutamkwa kwa pumzi. Hyun-bin ni "Hyonbin", Hye-joo ni "Hyeju". Jina la ukoo hutangulia: katika Seo In-woo, Seo ndiyo ukoo. Darasani wanafunzi hawamwiti mwalimu kwa jina lake. Wanasema "seonsaengnim", kama sisi tunavyosema "mwalimu" na kuishia hapo. Kwa hiyo neno hilo likikatika ghafla kinywani mwa mwanafunzi, kuna jambo.

Kwa nini inaitwa melodrama? Mbona hakuna mtu anayelia kwa kelele?

Kwa Wakorea "melo" ni filamu yoyote ya mapenzi yenye uchungu ndani yake. Ule uchungu wa kukamua machozi, wa muziki mkubwa na watu kuanguka sakafuni, una neno lake: "sinpa", na mara nyingi hutamkwa kwa kubeza. Filamu hii ni melo yenye sinpa kidogo sana. Nusu ya kwanza ina vichekesho vingi, na In-woo kijana ni mshamba wa mapenzi hasa.

## Kuitazama

Nitaipataje bila kuangukia kitu kingine?

Tafuta kwa herufi za Kikorea ukiongeza mwaka: 번지점프를 하다 2001. Ukitafuta kwa neno "bungee" peke yake utapata video za watalii. Angalia urefu pia: filamu kamili ni kama saa moja na dakika arobaini. Ukikuta watu wanaimba jukwaani, hilo ni toleo la muziki, ambalo limeelezwa katika sehemu ya mwisho.

Nichague yenye sabtaito au iliyotafsiriwa kwa sauti?

Sabtaito, bila kusita. Tafsiri ya sauti juu ya filamu, ile ya vibanda umiza, ina ladha yake na inafaa sana filamu za ngumi. Hapa inaharibu, kwa sababu ushahidi mkubwa wa hadithi uko kwenye vitu vidogo: swali la tahajia, sentensi moja inayorudiwa na mtu mwingine, ukimya wa sekunde chache. Msimuliaji akijaza ukimya huo kwa maelezo, kamba inakatika.

Hata sabtaito zinatofautiana. Zipime kwa onyesho la kijiko na vijiti. Kama maandishi yanasema tu "kwa nini kijiko ni kijiko?", mtafsiri amekwepa. Swali lenyewe linahusu herufi, na limefafanuliwa sehemu ya nne.

Nusu ya kwanza inakwenda taratibu. Naweza kuruka mpaka mwaka 2000?

Ukiruka hutaelewa chochote. Nusu ya pili haileti ushahidi mpya, inarudisha ule wa nusu ya kwanza. Tae-hee akishika kikombe, akiuliza swali la kipuuzi, akitaka kamba ya kiatu ifungwe, yote hayo ni akiba. Mtu aliyeanzia katikati anaona mwalimu aliyechanganyikiwa na haelewi kilichomchanganya.

Mara ya kwanza nitazame nini zaidi?

Mikono. Filamu nyingi za kuzaliwa upya hutumia mwanga wa ajabu, alama ya mwilini au mganga mwenye siri. Hii inatumia vidole. Tae-hee akishika kikombe, kidole chake cha mwisho kinanyanyuka na kusimama peke yake. Ukikiona kidole hicho mara ya kwanza, kikumbuke. Mara ya pili tazama uso wa In-woo badala ya kidole.

## Kuzaliwa upya kwa mtazamo wa Kikorea

Kwani Wakorea wote wanaamini kuzaliwa upya?

Hapana. Katika sensa ya mwaka 2015, asilimia 56.1 walisema hawana dini, Waprotestanti walikuwa asilimia 19.7, Wabudha 15.5 na Wakatoliki 7.9. Lakini Ubudha uliingia rasi ya Korea mwaka 372, katika ufalme wa Goguryeo, na umeacha lugha yake midomoni mwa watu wa imani zote. Mkristo wa Seoul anaweza kusema "katika maisha yangu yaliyopita nilifanya kosa gani?" akiwa amekwama kwenye foleni ya magari, bila kumaanisha itikadi yoyote. Filamu inajengwa juu ya lugha hiyo ya kila siku. Haihubiri dini.

Maneno gani yananisaidia?

Manne yanatosha. "Jeonsaeng" ni maisha yaliyotangulia haya. "Hwansaeng" ni kurudi na kuzaliwa tena. "Yunhoe" ni mzunguko mzima, kufa na kuzaliwa kama gurudumu. La nne ni "inyeon", na hilo ndilo zito kuliko yote.

Inyeon ni sawa na majaaliwa?

Inakaribia, lakini haifiki. Majaaliwa yana Mwenye kujaalia: Mungu amepanga, binadamu anapokea. Inyeon haina mpangaji. Neno lenyewe limeunganisha sababu ya kitu na mazingira yanayoiruhusu sababu hiyo kuzaa. Mbegu ni sababu, na mvua, udongo na jua ni mazingira. Watu wawili wakikutana, mkutano huo umeota kutokana na mikutano mingine ya nyuma, na wenyewe unapanda mbegu ya mbele.

Wakorea husema hata kugusana ukosi wa nguo ni inyeon. Wengi hufikiria watu wanaopishana njiani na nguo zao kugusana. Lakini neno "otgit" ni ukosi, na ukosi hugusana na ukosi pale watu wanapokuwa karibu sana, karibu ya kukumbatiana. Kwa hiyo methali ina utani ndani yake ambao Wakorea wenyewe hupenda kukumbushana.

Na tofauti hii ina uzito katika filamu. Kama ingekuwa majaaliwa, In-woo angeweza kukaa na kungoja. Kwa kuwa ni inyeon, kila anachofanya sasa kinaingia kwenye hesabu ya baadaye.

Ile habari ya sindano na punje ya ngano inatoka wapi?

Siku ya kwanza darasani, mwalimu In-woo anachora mstari ubaoni na kusema huo ni uso wa dunia. Mahali fulani juu yake imesimamishwa sindano moja. Kutoka mbinguni inadondoshwa punje moja ya ngano, inaelea, inashuka, na inatua juu ya ncha ya ile sindano. Uwezekano wa jambo hilo kutokea, anasema, ndio uwezekano uliowakutanisha ninyi mliokaa humu.

Picha hiyo ina mizizi katika maandiko ya Kibudha, ambamo ni mbegu ya haradali inayodondoshwa kutoka juu kuangukia ncha ya sindano. Wanafunzi wanaichukua kama hotuba ya kufungulia mwaka. Mtazamaji anayejua yaliyotokea mwaka 1983 anasikia mtu anayejisemesha mwenyewe.

Siku 49 zinazotajwa kwenye tamthilia nyingi za Kikorea ni za nini?

Katika desturi ya Kibudha, aliyekufa hupita katikati kwa siku 49 kabla ya kuzaliwa upya. Hizo ni duru saba za siku saba. Familia hufanya ibada kila siku ya saba, na ya mwisho, "sasipgu-jae", ndiyo kubwa. Filamu hii haitumii hesabu hiyo waziwazi, ila inasaidia kwenye swali la umri lililo katika sehemu ya nne.

Je, ni kama kwetu mtoto anavyorithi jina la babu?

Si sawa, ingawa vinafanana kwa mbali. Kwa Wakikuyu, kwa mfano, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na babu huyo anaweza kuwa hai na kumpakata mwenye jina lake. Kinachoendelea hapo ni jina, heshima na nafasi katika ukoo. Katika hwansaeng ukoo hauna kazi: mtu anaweza kuzaliwa kwa wasiomhusu, katika mji mwingine, akiwa na jinsi nyingine. Jina ndilo la kwanza kupotea.

Na kwa waliozoea "kuzaliwa mara ya pili" ya kwenye mikutano ya injili: huko ni kuongoka ukiwa hai. Hapa mtu amekufa kweli.

## Ndani ya hadithi

Nani amezaliwa upya akawa nani?

Tae-hee amerudi akiwa Im Hyun-bin, mwanafunzi wa kiume katika darasa la In-woo. Matangazo ya mwaka 2001 yaliuza filamu kama mapenzi ya mwavuli na mvua, kwa hiyo watazamaji wa kwanza waliingia ukumbini bila kulijua hilo. Ndiyo sababu tumenyamaza katika sehemu mbili za mwanzo.

Tunajuaje kwamba si wazimu wa In-woo tu?

Kwa muda mrefu hatujui, na hapo ndipo uandishi wa Go Eun-nim ulipo na nguvu. Hyun-bin ananyanyua kidole kile kile. Anauliza swali lile lile. Kila dalili peke yake ina maelezo ya kawaida, maana vijana wengi hunyanyua kidole. Ni mrundikano wake unaombana In-woo. Hakika inakuja pale Hyun-bin mwenyewe anapoanza kukumbuka, kwa sababu kuanzia hapo ushahidi hautoki tena machoni mwa In-woo peke yake.

Kuna nini kwenye swali la kijiko na vijiti?

Tae-hee anamuuliza In-woo, mwanafunzi wa fasihi ya Kikorea: mbona "sutgarak" (kijiko) huandikwa kwa herufi ㄷ mwishoni mwa silabi ya kwanza, na "jeotgarak" (vijiti vya kulia) kwa herufi ㅅ? Kwa sikio, silabi zote mbili zinaishia kwa T iliyobanwa, hakuna tofauti. In-woo, ambaye hiyo ndiyo fani yake, anababaika.

Jibu la sarufi ni hili. Kijiko kimetokana na neno "sul" pamoja na "garak", na katika maungano ya zamani ya namna hiyo L iligeuka kuwa T, hivyo tahajia ikaweka ㄷ. Vijiti vimetokana na "jeo" isiyo na konsonanti mwishoni. Yanapounganishwa maneno mawili ya namna hiyo, Kikorea huchomeka ㅅ katikati kama gundi. 숟가락 na 젓가락: herufi mbili, sauti moja, historia mbili.

Miaka 17 baadaye Hyun-bin anamuuliza mwalimu wake swali hilo hilo. Na tazama lilivyochaguliwa: vitu viwili vinavyosikika sawa kabisa, ila ukivichimba vimetoka mahali tofauti. In-woo ana tatizo hilo hilo kwa kinyume chake. Mbele yake kuna mtu mwenye umbo tofauti kabisa, na anachokisikia ni sauti ya yule yule.

Kwa nini Tae-hee hakufika stesheni ya Yongsan?

Alikufa kwa ajali ya gari akiwa njiani kwenda huko. Kwa nini stesheni? Kwa sababu In-woo alikuwa anaondoka kwenda jeshini, na Yongsan, Seoul, ndiko vijana walikopandia treni kuelekea kambi ya mafunzo ya Nonsan. Utumishi wa jeshi la nchi kavu wakati huo ulikuwa takriban miaka miwili na nusu, wakati siku hizi ni miezi 18. Mpenzi kwenda kuaga stesheni lilikuwa jambo zito, karibu sawa na ahadi ya kungoja. Kutokufika kulisomeka kama jibu.

Ndiyo maana In-woo na Hyun-bin wanapokutana tena kwa kutambuana, wanakutana stesheni hiyo hiyo. Anayekuja anaomba radhi kwa kuchelewa. Kwa mtu wa pembeni ni mwanafunzi aliyechelewa miadi.

Hesabu ya umri inakubali?

Inakubali, ukihesabu Kikorea. Kwa mtindo wa jadi mtoto ana mwaka mmoja siku anayozaliwa, na kila Januari mosi huongeza mwaka mwingine. Sheria iliyoanza Juni 2023 ndiyo iliyohamishia shughuli rasmi kwenye hesabu ya kimataifa. Aliyezaliwa mwaka 1984 alikuwa na miaka 17 ya Kikorea mwaka 2000, ingawa kwa hesabu yetu ni 15 au 16. Chukua kifo cha mwishoni mwa 1983, ongeza siku 49, ongeza miezi tisa ya mimba: unafika ndani ya 1984. Wanaolalamika kwamba miaka haijumliki husahau ile miezi tisa au hutumia hesabu ya Kizungu.

Mbona Hyun-bin mwanzoni hakumbuki chochote, tena anachukia?

Kwa sababu amezaliwa mtu mpya. Ana wazazi wake, rafiki zake, na Hye-joo anayempenda. Mwalimu mtu mzima anapoanza kumkazia macho na kumwonea wivu, anachokiona ni aibu na hatari. Katika imani za aina hii kumbukumbu haivuki, kinachovuka ni mazoea. Filamu inashika kanuni hiyo karibu mpaka mwisho: kidole kinakumbuka kabla ya mwenye kidole.

Muziki wa kwenye densi ya ufukweni ni upi?

Ni Waltz nambari 2 ya Dmitri Shostakovich, kutoka mkusanyo wake wa orkestra ya burudani. Kwa miaka mingi ilitajwa kimakosa kuwa sehemu ya Jazz Suite No. 2, kwa hiyo utaikuta kwa majina yote mawili. Watu wengi waliifahamu kupitia Eyes Wide Shut ya Stanley Kubrick (1999).

## Maswali magumu

Je, hii ni filamu ya mapenzi ya jinsia moja?

Hapa watazamaji hawajawahi kukubaliana. Wapo wanaosema ni mapenzi ya mwanaume na mwanamke yaliyovaa mwili mwingine, na kwamba In-woo hampendi mvulana, anampenda Tae-hee. Wengine wanasema hilo ni kisingizio: mwili unaoonekana ni wa mwanaume, na jamii ndani ya filamu inamwadhibu In-woo kwa sababu hiyo hasa. Uvumi unasambaa shuleni, anatengwa, anapoteza kazi.

Wakati wenyewe una maana. Septemba 2000 mwigizaji Hong Seok-cheon alitangaza hadharani kwamba ni shoga, na kazi zake za televisheni zikakatika mara moja. Filamu ilitoka miezi mitano baadaye. Kwa maoni yetu hoja zote mbili zina ushahidi ndani ya filamu, na inayodhoofika zaidi ni ile inayodai kwamba jinsi ya Hyun-bin haina uzito. Ingekuwa haina uzito, Go Eun-nim angemrudisha Tae-hee akiwa msichana na filamu ingekwisha saa moja mapema.

Na suala la mwalimu na mwanafunzi?

Hili filamu haikulishughulikia vya kutosha. Ondoa kuzaliwa upya na kinachobaki ni mtu anayekaribia miaka 40, mwenye mamlaka darasani, anayemwandama mtoto wa sekondari. Katika maisha halisi huo ni unyanyasaji, na hakuna jeonsaeng inayousafisha. Filamu inaonyesha hofu ya Hyun-bin kwa uaminifu, kisha inaifuta kwa kumrudishia kumbukumbu. Ukiwatazamisha vijana, zungumza nao kuhusu hilo.

Mke wa In-woo amefanyiwa haki?

Hapana. Ameandikwa kwa wino mwepesi mno. Hana kosa, haelezwi chochote, na anaachwa na mtoto. Kila hadithi ya mapenzi yanayovuka maisha ina mtu kama huyu, yule aliyeoa au kuolewa kihalali katika maisha haya, na waandishi wengi humkwepa.

Mwishoni wanakufa?

Ndiyo. In-woo na Hyun-bin wanakwenda New Zealand na kuruka bila kamba. Katika mantiki ya filamu hawafi, wanahama: sauti ya In-woo inarejea maneno ya Tae-hee, kwamba hata ukiruka kutoka genge la maisha, chini yake si mwisho. Nje ya mantiki hiyo, kinachoonekana ni watu wawili wanaojiua, mmoja wao kijana wa shule, na picha ni nzuri kuliko inavyopasa. Anayepita kipindi kigumu aiweke kando filamu hii kwa sasa, au aitazame pamoja na mtu anayemwamini.

Kwa nini New Zealand?

Ndani ya hadithi, ni ndoto ya Tae-hee. Nje yake, ndiko bungee ilikogeuka kuwa biashara: kituo cha daraja la Kawarau karibu na Queenstown, mita 43 juu ya mto, kilifunguliwa Novemba 1988 na AJ Hackett na Henry van Asch. Kwa mtazamaji wa 2001 jina la nchi hiyo na mchezo huo vilikwenda pamoja. Kwa wanachuo wa Seoul wa 1983 ilikuwa nchi ya mbali kabisa, na huo umbali ndio uliokuwa utamu wake.

Ile ya jukwaani ni hadithi ile ile?

Ni ile ile, kwa nyimbo. Toleo la muziki lilianza kuonyeshwa Seoul mwaka 2012, maneno yakiwa ya Hue Park na muziki wa Will Aronson. Wawili hao baadaye waliandika Maybe Happy Ending, iliyoshinda tuzo ya Tony (tuzo kubwa ya michezo ya jukwaani Marekani) ya tamthilia bora ya muziki mwaka 2025. Anza na filamu, kwa sababu kidole cha mwigizaji hakionekani kutoka kiti cha nyuma cha ukumbi.

Na safari ijayo wakizaliwa wote wanawake?

Filamu yenyewe inauliza hivyo. Kabla ya kuruka, mmoja anasema safari hii atazaliwa msichana. Mwingine anauliza: na mimi nikizaliwa msichana pia? Jibu linatoka kwa wepesi, kama mtu aliyeulizwa watakula nini jioni: basi tutapendana tena.